Daraja la tatu na ndoto ya udaktari wa mifugo

Swali: «Daktari, shikamoo. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCB na nimepata daraja la tatu la pointi 13: Biolojia D, Kemia D, Fizikia E. Kidato cha nne nilipata daraja la pili, Kemia nikiwa na C. Kwetu tunafuga ng'ombe, na miaka miwili iliyopita ndigana kali ilituulia ndama sita katika mwezi mmoja. Tangu siku hizo sijatamani kazi nyingine ila udaktari wa mifugo. Wenzangu wananiambia SUA, yaani Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, hawagusi daraja la tatu. Baba anataka niende chuo cha mifugo nikasome stashahada, mjomba anasema nirudie mtihani, na kuna mtu mjini anayedai ana watu wake kwenye udahili, nikimpa fedha jina langu litatokea. Nimesoma pia mtandaoni kwamba kujitolea kwenye kliniki ya wanyama na kuandika barua nzuri kunafidia alama ndogo. Je, nina nafasi? Na nikipitia stashahada, si nitakuwa nimepoteza miaka?»

Jibu:

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ndama wale sita. Swali lako nimelisoma mara mbili, na naona lina maswali matatu ndani yake: kama alama zako zimekufungia mlango, ni ushauri wa nani kati ya baba, mjomba na mtandao uufuate, na kama miaka ya kuzunguka ni miaka ya kutupa. Nitayajibu yote, lakini nitaanza na hilo neno la wenzako, kwa kuwa nimefundisha wanafunzi wa mifugo wa shahada na wa stashahada kwa miaka mingi, na kila mwaka matokeo yanapotoka nakutana na vijana waliokata tamaa kwa sababu ya hesabu ambayo hakuna aliyekaa nao chini kuwaeleza.

Ile 13 iliyo kwenye matokeo yako ni hesabu ya Baraza la Mitihani. Kwa hesabu hiyo A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7, na jumla ikiwa ndogo ndipo mwanafunzi anapokuwa amefanya vizuri; 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu. Chuo kikuu hakikupimi kwa kipimo hicho. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, ina hesabu yake inayokwenda upande wa pili: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Kwa hesabu hii Biolojia yako ina 2, Kemia 2 na Fizikia 1, jumla 5. Neno «daraja» halimo humo kabisa, na ndiyo sababu kauli kwamba chuo fulani hakichukui daraja la tatu haina maana kama ilivyosemwa. Mfikirie mwanafunzi aliyepata Fizikia A, Biolojia D na Kemia S: Baraza la Mitihani litampa pointi 11, daraja la pili, na mtaani atapongezwa kukushinda wewe. Lakini S si ufaulu mkuu. Ufaulu mkuu ni kuanzia A hadi E. Kwa kozi inayodai Biolojia na Kemia, yeye amekwama na wewe bado unatembea.

Kiwango cha chini cha jumla cha TCU kwa anayetoka kidato cha sita ni ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusiana na kozi, yenye jumla isiyopungua pointi 4. Biolojia na Kemia zako zinakupa 4 kamili, wala haijazidi hata nusu. Umekanyaga mstari wenyewe. Hiyo ni habari njema, lakini nisingependa uisherehekee kupita kiasi, kwa sababu kuvuka mstari ni jambo moja na kuchaguliwa ni jambo jingine, na vijana wengi wanaumia kwa kutoziona hatua mbili hizi zikiwa zimetengana.

Juu ya kiwango hicho cha jumla, kila kozi ina masharti yake, ambayo TCU huyachapisha kila mwaka katika kitabu cha mwongozo wa udahili, kimoja kwa wanaotoka kidato cha sita na kingine kwa wenye sifa linganishi kama stashahada. Humo utaiona kozi ya udaktari wa mifugo, masomo inayodai, jumla ya pointi inayoanzia, miaka ya masomo na idadi ya nafasi. Pakua cha mwaka wako, usome ukurasa wa SUA kwa jicho lako mwenyewe, na usikubali namba ya mwaka jana kutoka kwa mtu yeyote, hata kama ni mwalimu wako. Masharti haya yanabadilika, na nimeona mwanafunzi akiacha kuomba kwa kufuata sharti lililokwisha kuondolewa.

Baada ya sharti inakuja idadi. Hebu fikiria siku ya kuogesha ng'ombe kijijini. Wote wanaofika joshoni wana haki ya kuogeshwa, lakini dawa iliyochanganywa inatosha idadi fulani, na waliotangulia kwenye foleni ndio wanaopita. Chuo nacho kina nafasi zilizoidhinishwa kwa kila kozi. Huwapanga waombaji wenye sifa kuanzia pointi za juu kushuka chini, kisha pale nafasi zinapokwisha ndipo mstari wa mwaka huo unapochorwa. Hakuna aliyeuchora kabla. Mwaka ambao wanafunzi wa PCB na wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) wamefaulu sana, au kozi za tiba ya binadamu zimejaa na waliokosa wakateremka kuomba mifugo, mstari unapanda. Mwaka mwingine unashuka. Kwa hiyo mtu anayekuhakikishia leo kwamba utapata, au kwamba hutapata, anasema asilolijua. Ninachoweza kukuambia kwa uaminifu ni kwamba mwenye pointi 5 yuko karibu na mkia wa foleni, na kwamba foleni ya SUA ni ndefu kwa sababu ya historia: mafunzo ya udaktari wa mifugo yalianza Morogoro mwaka 1976, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla SUA haijawa chuo kamili mwaka 1984, na mpaka leo ndiko sehemu kubwa ya madaktari wa mifugo wa nchi hii walikofundishwa. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na macho ya karibu kila kijana anayetaka kuwatibu yanaelekea Morogoro.

Sasa nikueleze kwa nini Kemia yako inanishughulisha kuliko daraja lako. Kozi ni ya miaka 5. Mwanzoni utafundishwa anatomia, fiziolojia na baiokemia. Baadaye zinafuata patholojia, vimelea, mikrobaiolojia na famakolojia, na miaka ya mwisho ni ya tiba, upasuaji, uzazi wa mifugo na ukaguzi wa nyama. Anatomia inataka uvumilivu na kumbukumbu, na kijana aliyekua machungani huwa anaipenda haraka. Baiokemia na famakolojia ndizo zinazowaangusha watu, na zote mbili zinasimama juu ya Kemia ya kidato cha sita. Nitakuonyesha jambo moja dogo. Una ndama wa kilo 80. Dawa ni oksitetrasaiklini ya kutoa athari kwa muda mrefu, yenye miligramu 200 katika kila mililita, na kipimo chake ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Kilo 80 mara 20 ni miligramu 1,600. Ukigawa kwa 200 unapata mililita 8. Hesabu yenyewe ni ya mtoto, lakini ifanye saa kumi na moja alfajiri, tochi mdomoni, ndama akirusha mateke na mwenye mali akikuuliza kama atapona, halafu usogeze nukta nafasi moja uvute mililita 80. Mtu ambaye moli, ukolezi na uwiano vilimpita darasani hushikwa na kigugumizi mahali kama hapo. Chuo kinapodai Kemia hakikukomoi. Kinamlinda yule ndama, na kinamlinda pia mtu atakayekunywa maziwa ya ng'ombe uliyemdunga.

Kwa sababu hiyo, unapochagua kati ya ushauri wa baba na wa mjomba, usiulize tu ni njia ipi itakayokuingiza. Uliza ni ipi itakayokutengenezea Kemia yako. Nimewaona walioingia kwa bahati wakiwa na Kemia dhaifu, wakarudia mwaka wa kwanza, wakapoteza mkopo, wakaondoka. Na nimewaona waliochelewa miaka miwili wakaingia na kumaliza bila kurudia somo hata moja.

Kabla sijapima njia, niyaondoe mambo mawili. La kwanza ni lile la kujitolea na barua nzuri. Hukudanganywa, umesoma habari za nchi nyingine. Marekani, kwa mfano, watu huingia shule ya udaktari wa wanyama baada ya kusoma kwanza miaka kadhaa chuo kikuu, wengi wakiwa wameshachukua shahada, kisha husoma miaka 4 mingine, na katika kuchagua, shule hutazama wastani wao wa chuo pamoja na saa walizofanya kazi na wanyama, barua za wanaowafahamu na maelezo yao binafsi. Kule mtu mwenye wastani wa kawaida anaweza kujinyanyua kwa hayo. Kwetu unaingia moja kwa moja kutoka sekondari au stashahada, na mfumo wa udahili unasoma alama. Barua yako hata ikiwa nzuri kiasi gani, haina mahali pa kuwekwa. Hata hivyo nakusihi ujitolee, kwa sababu nyingine nitakayoisema baadaye.

La pili ni huyo mtu wa mjini. Usimpe hata shilingi, wala namba yako ya mtihani. Tangu mwaka 2017 waombaji wa shahada wanaomba moja kwa moja chuoni kupitia mfumo wa chuo chenyewe, chuo kinachagua, na TCU inahakiki majina dhidi ya kumbukumbu za Baraza la Mitihani kabla hayajatangazwa. Mwenye sifa huchaguliwa bila yeye, na asiye na sifa huondolewa kwenye uhakiki hata kama jina lake lilipenyezwa. Wanachofanya watu hawa ni kuchukua fedha kwa vijana kumi na kusubiri. Wawili wakichaguliwa kwa alama zao wenyewe, hujisifu kwamba ni kazi yao, na wale wanane huambiwa «mambo yamegoma». Wengine hutumia taarifa zako kuomba na hata kuthibitisha kwa niaba yako kozi usiyoitaka, na kufungua kifungo hicho ni usumbufu wa wiki nzima.

Hatua ya kwanza kabisa, ikiwa dirisha la udahili bado liko wazi, ni kuomba mwaka huu huu, mradi masharti ya kozi yanakuruhusu. Weka udaktari wa mifugo kuwa chaguo la kwanza, na usiache nafasi za chini wazi. Udahili huenda kwa awamu, na awamu ya pili wakati mwingine huwa na nafasi zilizoachwa na waliothibitisha vyuo vingine. Anayeendelea kufuatilia hunufaika, na anayenuna baada ya awamu ya kwanza hukosa. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa ndani ya muda uliotajwa. Kijana mmoja wa mtaani kwetu alichaguliwa kozi aliyoililia, simu ikawa imezimwa kwa siku kadhaa kwa kukosa umeme shambani, na muda ukapita.

Katika hizo nafasi za chini, uwe makini na jambo moja ambalo hata wazazi wasomi hulichanganya. Shahada ya sayansi ya wanyama ni shahada ya heshima, inashughulika na lishe, uzalishaji wa mbari bora, malisho na biashara ya mifugo, na nchi inawahitaji sana watu wake. Lakini anayeisoma hatoki daktari wa mifugo. Kwa sheria ya veterinari ya mwaka 2003, kutibu na kupasua wanyama ni kazi ya waliosajiliwa na Baraza la Veterinari, na usajili huo unafuata shahada ya udaktari wa mifugo. Ichague ukiwa unaipenda hivyo ilivyo. Usiichague kwa kudhani kwamba utahamia udaktari ukishaingia chuoni, kwa kuwa kuhama kunategemea sifa zile zile za kuingilia na nafasi iliyo wazi, na mara nyingi hakuna.

Sasa ushauri wa mjomba. Kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea ndiyo njia fupi kuliko zote ikifanikiwa: mwaka mmoja, kisha miaka 5. Kupandisha Kemia na Biolojia kutoka D hadi C kila moja kunakuongezea pointi 2, na kwa mtu aliye mkiani hizo zinaweza kukupeleka katikati ya foleni. Lakini nataka ujiulize swali gumu na ulijibu ukiwa peke yako: D ile ilitoka wapi? Kama shule yenu ilikaa mwaka mzima bila mwalimu wa Kemia, au uliugua, au nyumbani kulikuwa na msiba, basi alama ile inasimulia mazingira, na ukibadilisha mazingira itabadilika. Kama ulikuwa na mwalimu mzuri, ukasoma kwa bidii miaka miwili, na bado ukapata D, kusoma vile vile mwaka wa tatu hakutatoa jibu tofauti. Kingine ambacho watu hukisahau ni vitendo. Kemia na Biolojia zina karatasi ya vitendo, na huwezi kujifunza kusoma bureti au kuona tone lile moja linalogeuza rangi ya myeyusho kwa kutazama picha. Kabla ya kulipia, nenda ukakione kituo, uingie maabara, uangalie kama mabomba yanatoa maji na chupa zina kemikali ndani. Kumbuka pia kwamba usajili wa mtihani wa Mei hufungwa miezi mingi kabla, kwa hiyo uamuzi huu hausubiri mwaka mpya. Na ukitaka kurudia masomo mawili tu, iandikie kwanza ofisi ya udahili ya chuo kuuliza watayapokeaje matokeo ya vikao viwili, ulihifadhi jibu lao.

Ushauri wa baba ndio ninaouelekea zaidi, nami nitasema kwa nini, pamoja na upungufu wake. Stashahada ya afya ya mifugo na uzalishaji inatolewa na vyuo kadhaa, vingi vikiwa kampasi za Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, LITA, kama Tengeru, Mpwapwa, Buhuri, Madaba na Morogoro. Kwa kawaida anayetoka kidato cha sita akiwa amefaulu masomo ya sayansi husoma miaka 2, na anayeanzia kidato cha nne husoma 3. Ukimaliza unaweza kuorodheshwa na Baraza la Veterinari kama mtaalamu msaidizi, ukafanya kazi chini ya usimamizi wa daktari aliyesajiliwa, halmashauri ikakuajiri kuwa afisa mifugo, au ukafungua duka la pembejeo za mifugo kwa masharti yake. Maana yake ni kwamba hata mlango wa shahada ukichelewa, una kazi, tena ni kazi inayokuweka zizini kila siku. Kurudia mtihani hakuna kinga hiyo: ukikosa, umebaki na cheti kile kile na mwaka umekwenda.

Nakumbuka siku moja ya vitendo vya mwaka wa tatu. Tulikuwa na mtamba kwenye kibanio, na kila mwanafunzi alitakiwa kutoa damu kutoka mshipa wa shingoni. Vijana watano waliotoka kidato cha sita, wenye alama nzuri kukushinda wewe, walichoma wakakosa, mtamba akazidi kuhangaika. Wa sita alikuwa ametokea stashahada. Alisimama ubavuni kwanza, akamkuna mtamba chini ya shingo mpaka akatulia, akabana mfereji wa shingo kwa kidole gumba akisubiri mshipa ujae, akaugonga kwa kidole kuona unavyotikisika, kisha akaingiza sindano mara moja. Damu ikatiririka kwenye kichupa. Hakuna aliyesema neno. Wiki iliyofuata, katika mtihani wa famakolojia, kijana yule yule alikuwa wa tatu kutoka mwisho.

Huo ndio upungufu wa njia hii, na sitakuficha. Stashahada inakupa mikono, lakini Kemia yake haina kina cha ile ya kidato cha sita, na ukikaa miaka miwili bila kuigusa itafifia. Kama utaifuata, chukua madaftari yako ya Kemia ya kidato cha tano na sita pamoja na mitihani iliyopita, ukae nayo saa mbili kila Jumamosi kwa miaka yote miwili, ukianza na moli, asidi na besi, na kemia ya kaboni. Vilevile jua kwamba sharti la jumla la TCU kwa mwenye stashahada ni wastani, yaani GPA, usiopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, na kwamba hapa napo pana foleni: 3.0 inakuweka mlangoni tu. Nimewaona wengi wakisoma stashahada kwa kulegea kwa sababu «ni ya chini», wakatoka na 3.1, wakakuta wenzao wenye zaidi ya 4 wamejaza nafasi. Muhula wa kwanza ndio unaojenga wastani. Anayeuanza vibaya hutumia miaka iliyobaki kujikwamua.

Kuhusu miaka iliyopotea, tuihesabu. Ukichaguliwa sasa, 5. Ukirudia mtihani na kufaulu, 6. Ukipitia stashahada, 7. Tofauti kati ya ushauri wa baba na wa mjomba ni mwaka mmoja, na huo mwaka mmoja unanunua taaluma kamili itakayokulisha. Mfugaji hatakuuliza ulihitimu ukiwa na miaka 24 au 26. Jambo zito zaidi ni ada, na hilo mlizungumze nyumbani kwa uwazi kabla ya fomu. Stashahada na shahada ni malipo mawili. Bodi ya Mikopo hukopesha wanafunzi wa shahada wenye uhitaji, na kwa stashahada hutaja fani za kipaumbele; tazameni mwongozo wa mwaka husika kama fani ya mifugo imo, na mkusanye mapema vyeti vya kuzaliwa na barua za serikali ya mtaa, kwa sababu wengi hukosa mkopo kwa karatasi moja.

Programu ya msingi ya Chuo Kikuu Huria utaisikia pia ikitajwa. Imewekwa kwa ajili ya wale ambao alama zao hazikufika kiwango cha jumla, nawe umekwisha kukifikia, kwa hiyo sioni itakuongezea nini. Kabete kule Nairobi na Makerere kule Kampala wanafundisha udaktari wa mifugo vizuri sana, na kabla ya 1976 Mtanzania aliyetaka kazi hii alipelekwa Kabete; lakini leo utalipa kama mwanafunzi wa kutoka nje, na masharti yao ya alama si mepesi kuliko ya hapa. Ukiona chuo chochote nje ya nchi kinakubali haraka bila kuuliza Kemia yako, nenda kwanza TCU na Baraza la Veterinari ukaulize kama shahada yake inatambuliwa, kabla baba hajauza ng'ombe hata mmoja.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Kama una nafasi ya kufika Morogoro, nenda ofisi ya udahili ya SUA na matokeo yako mkononi, uwaulize mwenye Biolojia D na Kemia D alifikia wapi kwenye foleni ya miaka ya karibuni; ana kwa ana watakueleza zaidi ya kitabu. Kama Morogoro ni mbali, TCU huandaa maonesho ya vyuo vikuu viwanja vya Mnazi Mmoja Dar es Salaam kila Julai, na wakati wa Nane Nane vyuo vya kilimo na mifugo hupiga mahema viwanja vya kanda. Mtafute pia mwalimu wako wa Kemia, umwombe akuambie bila kukuonea haya ulikuwa unakosea wapi. Na ikiwa tangu matokeo yatoke hulali, huli, au unajiona huna thamani, usibaki nalo peke yako. Mwambie mama au baba leo, na mwende kituo cha afya kuonana na mshauri. Uamuzi wa chuo unaweza kungoja wiki mbili, hali hiyo isingoje.

Nilisema nitarudi kwenye kujitolea. Mtafute afisa mifugo wa kata yenu, umwombe umfuate siku za chanjo na za kuogesha. Usiguse sindano, beba boksi la barafu, andika daftari, shika kamba. Mwombe akufundishe kupapasa tezi iliyo chini ya sikio la ndama na ile iliyo mbele ya bega, mpaka vidole vijue ya kawaida ikoje. Kupe wa ndigana kali hupenda kukaa sikioni, na tezi ya chini ya sikio ndiyo huvimba mapema, siku kadhaa kabla ndama hajaanza kuhema kwa shida. Nina hakika wale sita wenu walivimba hapo kabla mtu hajaona. Ndama waliobaki wapapase kila jioni wanaporudi zizini, na ukikuta tezi imekuwa kubwa na ndama ana joto, mpigie afisa huyo usiku huo huo, maana dawa ya ndigana hufanya kazi vizuri inapowahi.